Pumu na sonona kwa vijana: mwongozo kamili kwa mzazi, mlezi na kijana mwenyewe

Siku niliyofungua droo ya binti yangu nilikuwa natafuta chaja. Nikakuta inhela yake ya kuzuia, ile anayotakiwa kuivuta asubuhi na jioni. Nyuma yake ina kidirisha kidogo chenye namba zinazoshuka kila inapobonyezwa. Siku tuliyopewa ilikuwa na mipulizo 120. Miezi miwili baadaye kidirisha kilisoma 114.

Nilimgombeza. Nilimwambia anachezea uhai wake. Akanijibu bila kunitazama: "Hata nikiivuta, mama, itabadilisha nini?" Nikadhani ni jeuri ya miaka 15. Zilipita wiki kadhaa, na usiku mmoja wa kulazwa hospitali, ndipo nikaelewa kwamba yale hayakuwa maneno ya jeuri. Yalikuwa maneno ya mtu aliyekata tamaa. Binti yangu alikuwa na pumu tuliyoijua na sonona tusiyoijua, na sisi sote, mimi pamoja na waliokuwa wakimtibu, tulikuwa tunakiangalia kifua peke yake.

Kwa hiyo ninachokuomba katika mwongozo huu ni kitu kimoja: kila unapouliza habari za kifua cha kijana mwenye pumu, uliza na habari za moyo wake, siku hiyo hiyo, kwa uzito ule ule. Hatua zinazofuata zinaeleza namna ya kufanya hivyo.

Kwanza, kama hali ni mbaya sasa hivi

Kijana anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mwenye midomo iliyobadilika kuwa ya samawati au kijivu, ambaye ngozi katikati ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa, au ambaye ameanza kusinzia na kuchanganyikiwa, anahitaji hospitali sasa. Usitulizwe na kifua kilichoacha kupiga mluzi huku mtoto akiwa bado anahangaika. Kifua kimya kinaweza kumaanisha kwamba hewa karibu haipiti kabisa. Mkalishe wima, usimlaze. Mpe salbutamoli, yaani dawa ya inhela ya kutuliza, kwa spesa (kichupa cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo), mpulizo mmoja mmoja, 4 hadi 10, na urudie kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza mkiwa njiani au mkisubiri msaada.

Na kijana aliyesema anataka kufa, au aliyejidhuru, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache. Mpeleke kwenye huduma ya dharura kama ambavyo ungempeleka kwa shambulio la pumu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa watu wa miaka 15 hadi 29 duniani.

Kwa nini magonjwa haya mawili huandamana

Pumu ndiyo ugonjwa sugu unaowapata watoto wengi kuliko mwingine wowote. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 262 duniani walikuwa nayo. Sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, nayo mara nyingi huanza katika miaka ya ujana. Mtu anaweza kusema basi yanakutana kwa bahati tu. Utafiti mmoja uliofanyika jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa 2007, ulilinganisha vijana wa miaka 11 hadi 17 wenye pumu na wenzao wasio nayo. Kati ya wenye pumu, takriban 16 katika kila 100 walikuwa na sonona au ugonjwa wa wasiwasi. Kwa wasio na pumu walikuwa takriban 9. Karibu mara mbili. Tazama pia upande wa pili wa hesabu hiyo: vijana wengi wenye pumu hawana sonona, kwa hiyo usimchukulie mwanao kama mgonjwa wa akili kwa sababu tu anatumia inhela.

Sababu za kuandamana huko ni nyingi. Ya wazi kabisa ni usingizi. Pumu isiyodhibitiwa humwamsha mtu usiku wa manane au alfajiri akikohoa, na kijana anayelala vipande vipande kwa wiki nyingi hupoteza uchangamfu, umakini na uvumilivu. Kuna pia hofu: ukishawahi kukosa hewa, mwili hausahau. Kuna aibu ya kuvuta dawa mbele ya wenzako, kuna michezo uliyoachwa nje, siku za shule ulizokosa. Ndani ya mwili kuna uvimbe wa muda mrefu kwenye njia za hewa, na kemikali za uvimbe huo husafiri kwenye damu. Watafiti wameona kemikali za aina hiyo hiyo zikiwa juu kwa baadhi ya watu wenye sonona. Na neva iitwayo vagasi, inayopeleka amri za ubongo kwenye mapafu, inaweza kuibana mirija ya hewa mtu anapokuwa na huzuni au mshtuko. Ndiyo maana kilio kirefu kinaweza kumalizikia kwenye kifua kubana.

Lakini kiungo ambacho mimi nakiona kizito kuliko vyote ni kile cha kwenye droo. Sonona humnyang'anya mtu sababu ya kujitunza. Dawa ya kuzuia pumu haitoi nafuu ya papo hapo. Inamdai mtu aamini kwamba wiki ijayo ina maana. Kijana mwenye sonona haamini hivyo. Anaiacha, pumu inachacha, usingizi unapotea, huzuni inazidi, na mzunguko unaanza upya. Wengine huongeza sigara au mvuke wa sigara za kielektroniki juu yake, kutafuta nafuu kidogo, na njia za hewa zinazidi kuvimba.

Hatua ya 1: Jua ukweli wa kifua

Usimuulize kijana "unaendeleaje?" Atasema "poa". Mtu aliyeishi na pumu tangu utotoni amezoea kubanwa kiasi kwamba anakuita kubanwa huko hali ya kawaida. Uliza maswali manne haya kuhusu wiki nne zilizopita, maswali ambayo madaktari wa pumu duniani huyatumia:

- Je, umepata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki?
- Je, pumu imewahi kukuamsha usiku?
- Je, umetumia inhela ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki?
- Je, kuna jambo umeshindwa au umeacha kulifanya kwa sababu ya pumu?

Jibu la "hapana" kwa yote manne maana yake pumu imedhibitiwa. "Ndiyo" moja au mbili, imedhibitiwa nusu. Tatu au nne, haijadhibitiwa. Swali la nne lipe muda, kwa sababu vijana hujipanga kimyakimya kuikwepa pumu. Binti yangu aliniambia ameacha kukimbia kwa sababu "michezo inachosha akili". Kumbe alikuwa ameacha miezi minne nyuma, siku aliyokohoa hadi kutapika mbele ya darasa.

Kisha angalia inhela zenyewe. Ya kuzuia isipoisha kwa wakati, haivutwi. Ya kutuliza ikiisha haraka, pumu imeshika. Kama haina kidirisha cha namba, piga hesabu: kopo la mipulizo 200 linalotumika mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni linatakiwa kwisha katika siku 50. Kulitikisa au kulielesha majini hakukuambii ukweli, maana gesi inaweza kubaki wakati dawa imekwisha. Na kijana anayemaliza makopo matatu au zaidi ya salbutamoli kwa mwaka, kila moja la mipulizo 200, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata mashambulio makali. Hesabu hiyo ipeleke kwa daktari.

Mwisho, mwombe akuonyeshe anavyovuta, bila kumsahihisha katikati. Kutikisa inhela, kutoa pumzi nje, kubonyeza huku akianza kuvuta polepole na kwa kina, kushikilia pumzi sekunde 10, kungoja nusu dakika hadi dakika moja kabla ya mpulizo wa pili. Kwa spesa mambo ni mepesi zaidi, na hata vijana wakubwa na watu wazima hufaidika nayo ingawa wengi huiona ya kitoto. Kama spesa ya dukani haipatikani, daktari wa watoto Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa chini tundu la kubana mdomo wa inhela sawasawa, hufanya kazi kama spesa ya kiwandani. Baada ya inhela yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe iliyomo kwenye inhela ya kuzuia, asukutue mdomo na kutema.

Hatua ya 2: Isome sonona ya kijana, ambayo haifanani na ya mtu mzima

Wengi tunasubiri machozi. Kwa kijana, sonona mara nyingi huvaa hasira. Analipuka kwa jambo dogo, anafunga mlango, analala mchana kutwa au hapati usingizi kabisa. Anaacha marafiki mmoja mmoja. Alama zinashuka. Anaacha kile alichokuwa akikipenda, na ukimuuliza anasema kimemchosha.

Madaktari huanza kufikiria sonona pale hali inapodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na inapovuruga maisha. Dodoso linalotumika sana lina maswali tisa: kupoteza hamu ya mambo, kujisikia vibaya au kukata tamaa, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa maishani, kushindwa kuwa makini, kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ya 10 na kuendelea inadai uchunguzi wa mtaalamu. Swali la tisa likijibiwa lolote lisilokuwa sifuri, hudai mazungumzo siku hiyo hiyo, hata jumla ikiwa ndogo.

Hapa pana mtego kwa mwenye pumu. Usingizi mbovu, uchovu na kukosa umakini vinaweza kuletwa na kifua peke yake. Mzazi anaviona anasema "ni pumu tu", au mtaalamu anavihesabu na kusema ni sonona ilhali mtoto hajalala wiki tatu kwa kukohoa. Ushauri wangu ni huu: ziweke kando kwanza dalili hizo tatu na uziangalie zile ambazo pumu haiwezi kuzieleza. Je, furaha imepotea hata siku ambazo kifua kiko safi? Je, anajilaumu, anajiita mzigo kwa familia? Je, anasema mambo hayatabadilika? Hizo ndizo zitakazokuelekeza.

Neno "mzigo" lisikilize sana. Watoto wenye ugonjwa sugu husikia mazungumzo yetu ya gharama za dawa na siku za kazi tulizokosa. Hawasahau.

Hatua ya 3: Zungumza naye, na uchague mahali

Usimkalishe mezani kama mtuhumiwa. Mazungumzo mazuri na kijana hutokea mkiwa mmekaa ubavu kwa ubavu, mikono ina kazi, macho hayalazimiki kukutana. Kwetu yalitokea tukikunja nguo.

"Nimechoka," akasema.

Zamani ningejibu, nenda kalale. Siku hiyo nikauliza, "Umechoka kifua au umechoka moyo, mwanangu?"

Alikunja shati lile lile mara mbili. Kisha akasema, "Moyo. Kifua nimeshakizoea."

Swali hilo nimekuwa nikilitumia tangu wakati huo, na nakupa ulitumie. Linampa mtoto njia mbili za kujibu bila kumlazimisha kutaja ugonjwa. Akishafungua mlango, nyamaza. Usikimbilie "mshukuru Mungu, wapo wenye hali mbaya kuliko yako", wala "jikaze". Kujikaza ndiko alikokuwa akikufanya miezi yote. Sema, "Asante kwa kuniambia. Tangu lini?" Kisha subiri.

Na uliza swali lile gumu waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Wazazi wengi huogopa kwamba kuliuliza ni kupanda wazo. Sivyo. Kuuliza hakupandi wazo. Kunamwondolea mtoto upweke wa kulibeba peke yake. Akisema ndiyo, uliza kama amefikiria namna na wakati, mwambie humwachi, na mtafute msaada siku hiyo hiyo.

Hatua moja ya usalama inahitaji uangalifu kwa familia yenye pumu. Vidonge na dawa nyingine za nyumbani zifungie, pamoja na kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho. Lakini inhela ya kutuliza usiifungie kamwe. Ibaki mkononi mwake au mahali anapoifikia gizani.

Hatua ya 4: Daftari moja, wiki mbili

Chukueni daftari moja, si mawili. Kila jioni mistari mitatu inatosha: kifua kilikuwaje (mluzi, kikohozi, kuamka usiku, mipulizo mingapi ya kutuliza), moyo ulikuwaje (namba kutoka 0 hadi 10, na neno moja), na usingizi wa saa ngapi. Kama mna kipima pumzi, kifaa anachopulizia kuona pumzi yake inatoka kwa nguvu gani, andikeni namba ya asubuhi na ya jioni. Kama kijana anapendelea simu, aandike kwenye simu. Daftari ni lake. Wewe unaonyeshwa anachotaka kukuonyesha.

Baada ya siku 14 mtaona jinsi mistari inavyofuatana. Kwa wengine moyo huporomoka siku mbili baada ya usiku mbaya. Kwa wengine ni kinyume: ugomvi na rafiki jioni, kifua kubana alfajiri. Kwetu ilionekana kwamba siku za moyo 2 na 3 ndizo siku ambazo inhela ya kuzuia haikuguswa. Daktari alipouona ukurasa ule hakuhitaji maelezo marefu.

Hatua ya 5: Pitieni dawa zote, moja baada ya nyingine

Kazi hii ifanyeni na daktari au mfamasia. Msiache wala kuanza dawa kwa uamuzi wa nyumbani.

Montelukasti, kidonge ambacho watoto wengi wenye pumu hupewa jioni, kinaweza kuleta ndoto za kutisha, hasira, huzuni na hata mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watumiaji. Mwezi wa Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake zito zaidi kwenye dawa hii kwa sababu hiyo. Wengi huimeza bila tatizo. Ila kama tabia ya mtoto ilibadilika wiki au miezi baada ya kuianza, mpigie daktari leo, usingoje miadi.

Prednisoloni ya vidonge, inayotolewa kwa siku chache baada ya shambulio, inaweza kuvuruga usingizi na kumfanya mtu awe na hamaki, msisimko au huzuni. Ukijua hivyo mapema huogopi. Ni dawa inayookoa maisha, na mabadiliko haya kwa kawaida hupungua ikishamalizika. Dawa ya steroidi ya kuvuta ni jambo jingine: kiwango chake ni kidogo sana na inakwenda moja kwa moja kwenye njia za hewa. Usiikatishe kwa kuogopa jina.

Salbutamoli huleta mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio kwa muda. Kijana mwenye wasiwasi anaweza kudhani anakufa, na akaiogopa inhela. Mweleze kabla.

Kuna dawa ambayo mwenye pumu hatakiwi kupewa: propranololi, ambayo baadhi ya watu hupewa kwa moyo kwenda mbio wakati wa wasiwasi au kwa kipandauso. Inaweza kubana mirija ya hewa kwa ukali. Kila mnapokwenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, sentensi ya kwanza iwe "ana pumu". Vilevile dawa za usingizi na za kutuliza kama diazepamu hazifai kabisa wakati wa shambulio la pumu, kwa sababu hupunguza nguvu ya kupumua.

Jambo la mwisho hapa linahusu wale wanaotumia salbutamoli peke yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unashauri kwamba kijana wa miaka 12 na kuendelea asitibiwe kwa dawa ya kutuliza pekee. Kila mmoja apate tiba yenye steroidi ya kuvuta. Mojawapo ya njia ni inhela moja yenye budesonidi na fomoteroli, inayotumika kutuliza na kuzuia kwa pamoja. Kwa kijana aliyechoka kukumbuka inhela mbili, hili ni jambo la kumuuliza daktari, maana kila anapotafuta nafuu anapata na kinga ndani yake.

Hatua ya 6: Kliniki, na maneno ya kusema ukifika

Muda wa daktari ni mfupi. Usianze na historia tangu kuzaliwa. Sema: "Pumu yake haijadhibitiwa, na kwa wiki tatu sasa ana dalili za sonona. Daftari hili hapa. Tunaomba vyote viwili viangaliwe leo." Ukiambiwa "hapa tunatibu kifua tu", omba rufaa ya maandishi, na uombe jina la dodoso litakalotumika huko uendako. Sisi tuliambiwa maneno hayo mara ya kwanza na tukarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu sikujua kwamba ninaweza kuomba.

Mpe kijana nafasi ya kuonana na daktari peke yake kwa sehemu ya muda. Toka nje bila kununa. Kuna mambo, sigara kwa mfano, ambayo hatayasema mbele yako, na pumu haiwezi kutibiwa kwa habari nusu.

Hatua ya 7: Tiba ya vyote viwili kwa wakati mmoja

Ukitibu kifua peke yake, kijana hataivuta dawa. Ukitibu moyo peke yake, ataendelea kuamka saa kumi alfajiri akikohoa.

Kwa sonona nyepesi na ya kati, tiba ya mazungumzo ndiyo hutangulia. Aina moja yenye ushahidi mzuri kwa vijana humfundisha mtu kukamata wazo linalomwangusha, kulipima, na kubadilisha tabia inayolilisha. Mfano: wazo "nikikimbia nitazimia mbele ya watu" linapimwa kwa kukimbia dakika mbili na mshauri pembeni, inhela mfukoni, baada ya kupasha mwili joto. Hapo tiba ya akili na tiba ya mapafu zinakuwa kitu kimoja.

Sonona ikiwa nzito, daktari anaweza kuongeza dawa. Kwa vijana, fluoksetini ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na haiachwi ghafla. Tangu 2004 dawa za kundi hili zina onyo Marekani kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watoto na vijana, hasa mwanzoni. Maana yake kwa mzazi ni ufuatiliaji wa karibu katika wiki za kwanza: kumwangalia kila siku, kuonana na daktari mapema, na kupiga simu akizidi kuwa na fadhaa.

Mazoezi husaidia magonjwa yote mawili, na pumu iliyodhibitiwa haizuii michezo. Mazoezi ya kupumua polepole kwa pua na tumbo yanaweza kupunguza dalili na hofu, ila hayachukui nafasi ya inhela.

Dawa ya kuzuia ifungeni kwenye tendo la kila siku, kama kupiga mswaki. Inhela ikae kwenye kikombe cha mswaki. Katika wiki mbaya zaidi za sonona usimwachie peke yake. Mpelekee mkononi, bila hotuba. Mimi nilikuwa naingia chumbani, nampa, tunahesabu pamoja hadi 10 akishikilia pumzi, natoka. Wiki sita. Hakuwa mtoto mdogo, alikuwa mgonjwa.

Hatua ya 8: Kutofautisha shambulio la pumu na shambulio la hofu

Kijana mwenye magonjwa haya anaweza kupata yote mawili, na yanafanana. Hofu mara nyingi huja ghafla, na ganzi au mchonyoto kwenye vidole na kuzunguka midomo, kizunguzungu, hisia kwamba unakufa. Mluzi haupo na kipima pumzi kinasoma namba yake ya kawaida. Pumu huleta mluzi, kikohozi, namba inashuka, na inhela inasaidia. Yanaweza pia kutokea pamoja. Kanuni yetu nyumbani ni rahisi: mkiwa na shaka, tibuni kama pumu kwanza. Mipulizo michache ya salbutamoli haitamdhuru mwenye hofu. Kumwambia mwenye pumu "tulia, ni mawazo tu" kunaweza kumuua.

Hatua ya 9: Shule na miezi inayofuata

Shule ipewe karatasi moja: dawa ya kutuliza ni ipi, mipulizo mingapi, wamwite nani, na kwamba anaruhusiwa kubeba inhela mwenyewe badala ya kufungiwa ofisini. Habari za sonona ni zake. Kubalianeni naye ni mwalimu gani mmoja ataambiwa, na kwa maneno gani.

Rudini kliniki baada ya mwezi mmoja hadi mitatu tangu tiba kubadilishwa, mkiwa na daftari. Rudieni maswali manne ya kifua na tisa ya moyo. Tarajieni kuteleza. Mafua yakija, mitihani ikikaribia, uhusiano ukivunjika, angalieni vyote viwili tena bila kusubiri miadi. Na kadiri nguvu zinavyomrudia, mrudishie kazi moja moja: kwanza kuhesabu mipulizo, kisha kuchukua dawa dukani, kisha kuzungumza na daktari mwenyewe.

Binti yangu sasa ana miaka 17. Kidirisha cha inhela anakisoma yeye kila Jumapili na kunitumia namba kwa simu. Wakati mwingine namba haijashuka inavyotakiwa, naye anaituma hivyo hivyo. Hapo simgombezi. Namuuliza, kifua au moyo?